Hima na Haki ya Mnyonge

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi na kuisimamisha milima, na akayafanya mawingu kuwa njia ya riziki ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, suala ninalotaka kulieleza lilianza kinywani mwa mtoto. Nilialikwa katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kwenye maulidi ya jamaa zetu wakaao huko, nami nikafuatana na wanafunzi wanne kutoka Unguja. Shughuli ilipokwisha, wenyeji wetu wakasema kuwa haiwi mtu afike Mang'ula kisha arudi pwani bila ya kuupanda mlima japo kwa siku moja. Usiku ule, tulipokuwa tukitayarisha viatu na chakula cha njiani, yule mdogo wao akaniuliza: "Maalim, matembezi ya kesho tuyatilie nia ya ibada, au ni mchezo tu?"

Nikamjibu upesi, kama tufanyavyo sisi waalimu tunapoulizwa jambo ambalo hatujalifikiri. Nikamwambia kuwa Qur'ani imejaa mwito wa kuutazama uumbaji wa Mwenyezi Mungu, mbingu na milima na ngamia na mimea, na kwamba mwenye kutazama kwa mazingatio yumo katika ibada. Jibu hilo ni sahihi wala silirudi. Lakini siku iliyofuata ilinifunza kuwa jibu laweza kuwa sahihi na likawa pungufu, na upungufu ule ndio ulionifanya nishike kalamu.

SAFARI YA MGUU

Milima ya Udzungwa ndiyo ya mwisho upande wa kusini katika safu ya milima ya kale ambayo huanzia Taita, nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru. Wataalamu huiita Tao la Mashariki. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na eneo lake ni kilomita za mraba 1,990. Huanzia chini, kiasi cha mita 250 juu ya usawa wa bahari, karibu na mashamba ya miwa ya Kilombero, ikapanda mpaka kilele cha Luhombero chenye mita 2,576. Mgeni akitaka kuiona hana budi atembee, kwani ndani yake hamna barabara za magari. Jambo hilo lilinipendeza. Tajiri na maskini huingia kwa mlango mmoja na kwa mwendo mmoja, kama walivyo katika safu ya sala.

Tulianza asubuhi kushika njia ya Sanje, pamoja na kijana muongozaji mwenye adabu na maarifa. Njia ile huanza kwa upole, kisha humkumbusha mtu umri wake. Mimi nilikuwa nikipumzika kila baada ya hatua chache, na wanafunzi wangu, kwa adabu zao, wakijifanya kuwa na wao wamechoka. Humo msituni jua huingia kwa kupenya, doa hapa na doa pale. Iko miti ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta za nyumba, hata mtu akikaa baina yake haonekani. Hondohondo wakipita juu, mlio wa mbawa zao husikika kabla wao wenyewe hawajaonekana. Tuliwaona mbega wekundu ambao makazi yao duniani kote ni milima hiyo na misitu iliyo jirani nayo. Kijana wetu akatueleza pia khabari ya kima wa Sanje, ambaye wataalamu wa ulimwengu hawakumjua mpaka mwaka 1979, ilhali wenyeji wa pale walikuwa wakimjua kwa jina tangu zamani. Nikawaambia wanafunzi walishike hilo, kwani mara nyingi tunaloliita ugunduzi huwa ni sisi tu tuliochelewa kuwauliza wenyewe.

Tulifika penye maporomoko, ambapo maji huanguka kiasi cha mita 170 na manyunyu yake humfikia mtu kabla hajayakaribia. Tulitia udhu chini yake. Mtoto mmoja alikuwa akijimwagia maji kwa furaha, nikamkumbusha kuwa Bwana Mtume alikataza israfu ya maji katika udhu hata kwa mtu aliye kandokando ya mto unaopita. Akauliza: "Hata haya, maalim, yasiyokwisha?" Nikamwambia hata hayo. Katazo lile halikuja kwa sababu maji ni machache. Limekuja kuulea mkono. Tukasali Adhuhuri juu ya jiwe, na mimi nikadhani kuwa darasa la siku ile limekamilika.

BAHARI NA MLIMA NI MAJIRANI

Tulipokuwa tukila, yule kijana muongozaji alitutazama akacheka, akasema: "Nyinyi wa pwani hamkuja ugenini. Mvua ya hapa hutoka kwenu." Nikataka aeleze, naye akaeleza vizuri. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hubeba unyevu, na zikigonga miteremko ya mashariki ya milima hii hupanda juu, hupoa, na unyevu ule hugeuka mvua na ukungu. Wataalamu wanasema kuwa misitu ya Tao la Mashariki imedumu kwa mamilioni ya miaka kwa sababu bahari haikuacha kuinyesha, hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka. Majani huukamata ukungu, udongo wa msitu huyanywa maji ukayaweka, na siku za kiangazi huyaachia kidogo kidogo. Ndiyo maana mito ya pale hupita hata mvua ikiwa imekatika.

Na mito hiyo huenda wapi? Huingia Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji huja kumwagikia kwetu, katika delta yenye mikoko mingi kuliko pahala pengine popote katika pwani ya Afrika Mashariki, mbele ya kisiwa cha Mafia. Wazee wetu walizijua boriti za Rufiji. Majumba ya Unguja yaliezekwa kwa boriti za mikoko, na majahazi yalizipakia hata kuzifikisha Uarabuni na Ghuba. Kamba wanaovuliwa pale, na mikoko inayowalea, huishi kwa kuchanganyika kwa maji ya chumvi na maji matamu yashukayo kutoka bara. Basi bahari humpa mlima wingu, na mlima humrudishia bahari mto. Majirani wawili hawa hawajakatiana tangu kuumbwa kwao.

Kisha liko lililo karibu nasi zaidi, nalo ni taa. Chini ya milima hii, penye mto wa Ruaha Mkuu, limo bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1975 na uwezo wake ni megawati 204. Upande mwingine wa milima hiyo hiyo iko Kihansi, megawati 180, iliyofunguliwa mwaka 2000. Umeme wa mito hii huingia katika gridi ya taifa, na Unguja imeunganishwa na gridi hiyo tangu mwaka 1980, kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Waya huo ulipoharibika mwezi wa Mei 2008 tulikaa kizani kwa muda wa mwezi mzima. Ukaharibika tena mwezi wa Disemba 2009, tukakaa mpaka Machi 2010. Anayekumbuka siku zile za kandili na foleni za maji anajua jinsi tulivyokuwa tumeizoea neema tusiyoijua chanzo chake.

Leo gridi hiyo hupata umeme wa namna nyingi, wa gesi na wa bwawa kubwa la Julius Nyerere lililoko Rufiji kwenyewe, hata mtu hawezi kuinyooshea kidole taa moja akasema hii ni ya mto fulani. Lakini bwawa hilo nalo hunywa maji ya Kilombero. Kwa hivyo ndugu msomaji, ikiwa unausoma ukurasa huu chini ya taa, huenda msitu ule una mkono katika mwanga wako.

SWALI LA MAMA WA KUNI

Tulishuka alasiri, na tulipofika njia ya kijijini tulikutana na mama mmoja, makamo yangu au zaidi, amebeba kichwani mzigo mdogo wa matawi ya mwembe na mabua ya mahindi. Kijana wetu alimjua, akamwamkia, naye akautua mzigo ili apumzike.

"Karibuni wageni. Mmetoka juu?"

"Naam, dada. Tumetoka kwenye maporomoko."

"Mmelipa?"

"Tumelipa."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. "Basi dunia ina mambo, shehe. Nyinyi mmelipa mkazitazame kuni, na mimi wa hapa hapa siruhusiwi kuziokota." Aliponiona nimenyamaza akaongeza: "Wala silaumu. Msitu ule ukiisha, na maji yetu yatakwisha, hilo nalijua tangu mtoto. Nauliza tu. Moto wa kupikia mimi niutoe wapi?"

Wanafunzi wangu walimsaidia kuutwika mzigo, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama.

Yafaa msomaji aijue asili ya maneno yake. Hifadhi ilipoanzishwa, watu wa vijiji vya kandokando waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikomeshwa. Hoja ya kukomesha si ngumu kuielewa. Gogo lililoanguka ni chakula cha ardhi na nyumba ya viumbe vidogo vidogo, na penye watu wengi wanaookota, mwenye panga hupata pa kujificha. Mashirika ya uhifadhi nayo yamegawa miche ya kupanda na kufunza majiko banifu yanayokula kuni chache. Lakini mche ukipandwa leo hauivishi ugali wa leo.

Njia nzima wanafunzi walishindana. Mmoja akasema: "Sheria ni sheria, nao wapande miti yao." Mwenziwe akasema: "Hiyo ni dhulma, wafunguliwe msitu, Mwenyezi Mungu ndiye aliyeuotesha." Wakanigeukia niamue, nikawaambia wangoje.

Kwa kweli sikuwa na jibu. Yule wa kwanza amesahau kuwa mwenye kusema maneno yale hupikia gesi. Yule wa pili amesahau kuwa mlango ukifunguliwa hautapitwa na mama yule peke yake. Wataingia wenye misumeno na malori, na baada ya miaka michache mama atakuwa hana kuni wala maji. Majibu yote mawili ni mepesi kwa sababu anayeyatoa halipi kitu.

HIMA

Usiku ule nilirudi katika yale tuliyosomeshwa. Uislamu haukuanza leo kujua kuwa ardhi huhitaji kulindwa. Bwana Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, baina ya nchi zake mbili za mawe meusi, pasikatwe miti yake wala pasiwindwe wanyama wake. Kadhalika aliitenga Naqi' kuwa hima, yaani malisho yaliyokingwa, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Katika zama za ujahili, hima ilikuwa ni mkubwa wa kabila kujikatia malisho mazuri akawafukuza wengine. Uislamu ukaliondoa hilo, ukasema kuwa hapana hima ila kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanazuoni wakafahamu kutokana na hayo kuwa kiongozi aweza kuikinga ardhi kwa maslaha ya umma, lakini hana ruhusa ya kujikingia yeye mwenyewe.

Basi nguzo ya kwanza imesimama. Kuukinga msitu ambao maji ya watu wengi hutoka humo ni jambo lenye asili katika dini. Anayeingia kwa siri akakata, huyo huchota katika haki ya watu ambao hatawaona maishani mwake, wa Ifakara na Rufiji na Dar es Salaam na Unguja, na siku ya hesabu watakuwapo.

Lakini iko nguzo ya pili, na aghlabu sisi huisahau. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipoweka hima katika ukhalifa wake, alimsimamisha juu yake mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Khabari yake imo katika Sahihi ya Bukhari. Alimwagiza awe mpole kwa watu, na aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Kisha akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan. Nao hao wawili ni nani? Ni Abdulrahman na Uthman, sahaba watukufu waliobashiriwa Pepo, na matajiri wa Madina. Sababu ya kuwazuia aliieleza mwenyewe. Wanyama wao wakifa, wao watarudi kwenye mitende yao na mashamba yao, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja kwa khalifa na watoto wake akilia. Na hapo Umar alisema jambo ambalo nimelisomesha miaka mingi bila ya kulipima uzito wake. Alisema kuwa maji na majani ni mepesi kwake kuyatoa kuliko dhahabu na fedha. Maana yake ni kuwa hakuona njia ya tatu. Maskini akifungiwa majani, basi hazina imfungukie. Kumfungia vyote viwili, hilo halikumpitia moyoni.

Na Imamu Nawawi, katika Minhaji ambayo imesomeshwa pwani hii vizazi kwa vizazi, anapowahesabu wale ambao kiongozi aweza kuwawekea hima, huwataja wanyama wa jizya na wa sadaka na waliopotea, kisha humtaja mtu dhaifu asiyeweza kwenda mbali kutafuta malisho. Tazama, ndugu yangu. Mnyonge yumo ndani ya sababu za kuwekwa hima yenyewe. Liko pia lililopokewa katika Sunan ya Abu Daud, ambapo Bwana Mtume ameyahesabu maji, malisho na moto kuwa ni vitu ambavyo watu wana ushirika ndani yake, na wako wanazuoni walioufasiri moto huo kuwa ni kuni.

Mtu aweza kunirudi akasema: Maalim, majani ya Umar yakiliwa leo huota tena mvua ikinyesha, lakini msitu huu ukiliwa hauoti tena katika maisha yetu. Tena vijiji vile vina maelfu ya watu. Kondoo wachache wakiwa elfu huwa ni kundi la tajiri. Pingamizi hii ni ya haki nami naikubali. Huenda leo mlango wa msitu hauna budi ufungwe. Lakini pingamizi hiyo humaliza hoja ya majani tu, haimalizi hoja ya dhahabu. Kadiri tunavyozidi kusema kuwa msitu ni lazima ufungwe, ndivyo tunavyozidi kukiri kuwa yuko anayefungiwa, na kwamba anadai. Deni lake halifutiki kwa sababu sheria ni nzuri. Uzuri wa sheria ndio uliolizalisha deni lile.

Hii ndiyo rai yangu katika suala hili, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi: kuukinga msitu ni haki, na gharama ya kuukinga ni juu ya wale wanaofaidika nao, kila mmoja kwa kiasi cha faida yake. Ikiwa anayefaidika zaidi halipi chochote, na anayefaidika kwa uchache ndiye anayelipa kila siku kwa kichwa chake na miguu yake, basi jambo la haki limechukuliwa kwa njia ya dhulma.

MOTO WA JIKONI KWETU

Huenda msomaji akadhani kuwa sasa nitaigeukia serikali. Serikali ina wajibu wake, na kwa kuwa wageni hulipa ili waingie, ni haki sehemu njema ya faida ile ionekane katika jiko la mama yule, na si katika mikutano peke yake. Lakini Umar hakumtuma Hunayy aende kuwasema watu wengine. Alianza kwa hima yake mwenyewe. Na sisi tuanze kwetu.

Taa zetu za pwani zina khabari ambayo wengi hawaijui. Katika poromoko la Kihansi, mwaka 1996, alionekana chura mdogo wa rangi ya dhahabu, huzaa watoto wazima wala hatagi mayai, na makazi yake duniani yalikuwa ni pale tu penye manyunyu ya maji yale. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua. Maradhi ya kuvu nayo yakaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa chura yule ametoweka katika makazi yake. Mwenyezi Mungu akajaalia kuwa wachache walikuwa wamechukuliwa mapema wakalelewa Marekani, na tangu mwaka 2012 vizazi vyao vimerudishwa Kihansi, ambako manyunyu hutengenezwa kwa mabomba. Sura ya Al-An'am imetufunza kuwa viumbe watembeao na ndege warukao ni jamii mfano wetu. Mimi sisemi taa zizimwe. Taa ni neema, na hospitali haziendi kwa kandili. Ninalosema ni kuwa taa hii ilikwisha kulipiwa kabla ya kutufikia. Chura alilipa, na mama wa Sanje analipa. Sisi hulipa bili tukadhani kuwa tumemaliza.

Na mimi mwenyewe nina la kukiri. Niliporudi Unguja niliingia jikoni kwa madrasa yetu, ambamo hupikwa uji wa watoto kila asubuhi. Pembeni paliegemezwa magunia matatu ya makaa yaliyovushwa kutoka bara. Nimeyaona magunia kama yale kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muda huo nimesomesha khabari ya Hunayy mara nyingi, wala sikuuliza hata siku moja makaa yale yametoka msitu gani, na kama aliyekata alikuwa na haki ya kukata. Yule mama alikatazwa kuokota kijiti kikavu, na mimi mlango wa pili nilikuwa nikipikia mti mzima uliokatwa ukiwa mbichi. Hakunikataza mtu kwa kuwa mimi niko mbali.

Tulikaa na wazee wa madrasa tukashauriana. Tumenunua jiko la gesi kwa uji wa asubuhi. Katika kiwanja kilicho nyuma tumepanda mivinje, nayo kwetu hukua upesi, iwe kuni za siku za shughuli. Na katika fedha zinazokusanywa siku ya maulidi tumetenga fungu, nalo hupelekewa jamaa zetu wa Kilombero walinunulie miche na majiko banifu kwa ajili ya majirani zao, Mwislamu na asiye Mwislamu, kwani haki ya jirani haiulizi dini. Ni jambo dogo. Silisemi ili tusifiwe. Nalisema ili asitokee mtu akadhani kuwa deni hili halina pa kuanzia kulilipa.

Sasa narudi kwa swali la yule mtoto. Matembezi yale yalikuwa ibada au mchezo? Baada ya kurudi nilimwita nikamwambia kuwa jibu langu la awali lilikuwa nusu. Kutazama uumbaji ni mlango wa ibada. Mtu akasimama mlangoni, akastaajabu, akapiga picha, akarudi nyumbani kama alivyotoka, huyo ameonjeshwa tu. Mazingatio ambayo Mwenyezi Mungu ameyasifu ni yale yanayomtoa mtu katika usahaulifu, akamjua mwenye neema aliyempa, na akawajua wale ambao neema ile imepita mikononi mwao. Akishawajua, basi wana haki juu yake.

Mtoto akafikiri, akasema: "Basi maalim, ibada yetu ilianza tulipokwisha shuka." Nikamwambia: "Naam, mwanangu. Ilianza pale tulipoulizwa kuhusu kuni."

Kwenu ndugu zangu wa pwani, mnaokwenda kupumzika na watoto wenu katika milima ya bara, iwe Udzungwa au Usambara au Kilimanjaro, nendeni, na mtembee, na mtazame, kwani ni kheri. Lakini mkishuka msipande gari kwa haraka. Amkianeni na wakaao chini ya mlima, muwaulize wanapikia nini. Kisha mrudipo majumbani mwenu, ingieni jikoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru kwa vitendo, asitufanye hoja juu ya wanyonge, na atukinge na dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina ya dua hiyo na Yeye hamna pazia. Amin.